Nilithibitisha Nisichokijua

Assalaam alaykum warahmatullah. Mama zangu, baba zangu, na nyinyi wadogo zangu mliokaa karibu na mlango mkidhani nitasema kwa ufupi.

Mwenyekiti wa kikao hiki aliponipigia simu alisema, "Njoo utuambie namna ulivyoipata ile diploma, vijana wapate moyo." Nikamjibu nitakuja, lakini diploma yenyewe nitaifikia mwisho. Kwanza nitasimulia namna nilivyokaribia kuikosa, na jambo jingine lililo baya kuliko kuikosa. Majina sitataja hata moja. Baadhi ya wanaohusika wanaishi mitaa hii hii, na mmoja amekaa humu ndani. Mnaona mikono yangu. Huwa inatetemeka hivi kila ninapofika kwenye habari hizi.

Mimi ni mtoto wa hapa Buyenzi. Baba yangu ni fundi wa mota. Wengi mnamjua: pampu ikiungua, mashine ya kusagia ikigoma, mnamletea, anaifungua na kuisuka upya kwa waya wa shaba. Tulikua tukichomwa nyayo na vipande vya waya uani. Yeye shule ya msingi hakuimaliza. Mimi ndiye wa kwanza nyumbani kwetu kuingia chuo kikuu, pale mjini Rohero, nikasomea usimamizi wa miradi. Yaani wanakufundisha namna kazi kama ya kujenga darasa au kuleta maji isije ikafia katikati: nani afanye nini, lini, na vitu vinunuliwe vipi.

Ndani yake kulikuwa na somo moja nililolipenda sana, mpango wa manunuzi. Kabla ya kununua kitu unaandika kinachohitajika, tangazo litoke lini, wauzaji wapewe siku ngapi za kujibu, bahasha zifunguliwe lini, mzigo ufike lini. Mimi nilikuwa hodari wa yale majedwali. Wenzangu walikuwa wanakuja kunakili kwangu. Mwalimu wetu, mzee mkavu asiyecheka, alituambia siku ya kwanza: "Kabla hujaandika neno moja, nenda ukasimame mahali kitu kitakapowekwa. Angalia ukuta, angalia mlango, ongea na atakayekitumia." Niliyaandika maneno hayo, nikayapigia mstari mara mbili. Kwenye mtihani yaliulizwa, nikajibu vizuri, nikapata alama zote.

Lakini ndugu zangu, nawaambia kitu ambacho darasani hakuna aliyekijua. Mimi nilikuwa mtu wa hofu. Kifaransa changu kilikuwa cha kusomea, cha kuulizia sikuwa nacho. Mwaka wa kwanza niliinua mkono mara moja, nikauliza swali, neno likanitoka vibaya, darasa zima likacheka. Hawakucheka kwa ubaya, watoto tu. Ila tangu siku ile sikuinua mkono tena miaka mitatu. Nisichokielewa nilikizunguka, kama mtu anavyozunguka dimbwi barabarani.

Na kulikuwa na aibu nyingine. Wengine mule darasani walikuwa wanashuka kutoka Kiriri, kwa matajiri, kwa magari ya nyumbani. Msichana mmoja akaniuliza baba yangu anafanya kazi gani. Nikamwambia, "Yuko katika mambo ya umeme." Akauliza, "Wizarani?" Nikatabasamu, basi. Mnacheka, lakini siku moja baba yangu aliniletea simu niliyoisahau nyumbani, akasimama ng'ambo ya barabara na mikono yake ya grisi, na mimi nilivuka mbio nikaichukua kabla hajavuka yeye. Nilimwambia nina haraka. Sikuwa na haraka yoyote.

Mwaka wa mwisho nikapelekwa staji, yaani mafunzo ya kazini, kwenye kliniki ndogo ya uzazi kule Ngagara. Sitaitaja. Wafadhili walikuwa wamekubali kuwanunulia mashine ya kutakasia vyombo vya kuzalishia, ile inayotumia mvuke, wenyewe wanaiita otoklavu. Ya zamani ilikuwa ndogo, kama sufuria lenye kifuniko cha kukaza, ila ilikuwa inafanya kazi. Mkurugenzi wa kliniki akaniambia, "We unasomea mambo haya. Tuandikie mpango wa manunuzi, na maelezo ya mashine tunayotaka."

Mpango niliuandika kwa siku mbili, ukapendeza. Shida ilikuwa ule ukurasa wa maelezo ya mashine: ukubwa, joto, umeme. Sikujua chochote. Mwenzangu wa darasa alikuwa na waraka wa hospitali moja kubwa iliyokwisha kununua mashine kama hiyo. Nikanakili ukurasa ule wote, neno kwa neno. Mstari mmoja ulisema umeme wa volti mia tatu themanini, *triphasé*. Mi nikadhani ni kama cheo: tatu ni bora kuliko moja.

Aliyeniuliza ni mtu mmoja tu, mkunga mkuu, mama mtu mzima ambaye nusu ya watoto wa mtaa ule wamepitia mikononi mwake. Alivaa miwani yake, akausoma ule ukurasa polepole, akasema:

"Mutoto wangu, hii itawaka huku kwetu?"

"Ndiyo mama. Ni viwango vya kimataifa."

"Ehe. Kama ni hivyo, sawa."

Komite ya kliniki ikaupitisha mpango, wakanipigia makofi. Tangazo likatoka, bahasha zikafunguliwa, muuzaji akapatikana. Kila kitu kwa tarehe yake, kama jedwali lilivyosema.

Kisha ikaja barua. Sikilizeni hapa vizuri, maana hapa ndipo nilipoanguka. Kuanguka kwangu hakukuwa kwenye kunakili. Kunakili ni ujinga, na ujinga Mungu anausamehe haraka. Muuzaji aliandika hivi: kabla ya kuagiza mashine, tafadhali thibitisheni kwamba jengo lenu lina umeme wa *triphasé*. Mjibu ndani ya siku tatu.

Siku tatu! Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yangu. Siku ya kwanza nilitoka na ile barua mkononi, nikasimama mbele ya kisanduku cha mita ya umeme pale ukutani kwenye kliniki. Nikakitazama. Kilikuwa kisanduku tu. Mlinzi akaniuliza, "Dada, unatafuta nini?" Nikamwambia naangalia saa ngapi, na saa nilikuwa nimeivaa.

Siku ya pili ilikuwa Ijumaa. Tulikula chakula cha mchana nyumbani baada ya sala, mimi na baba tumekaa sinia moja. Yule mtu ameshika nyaya za umeme maisha yake yote. Nikafungua mdomo nimuulize.

"Baba..."

"Nambie."

Nikafikiri: nikimuuliza atajua kwamba sijui. Miaka yote hii ya chuo kikuu, halafu nimuulize fundi wa uani kitu nilichokiandika mwenyewe kwenye karatasi na kupigiwa makofi?

"Chumvi imepungua?"

"Apana, iko sawa."

Tukaendelea kula.

Siku ya tatu nikaandika jibu la mstari mmoja: tunathibitisha kama ilivyoandikwa. Mkurugenzi aliniuliza kama nimehakiki, nikasema nimehakiki, akatia sahihi. Nikaituma.

Miezi ikapita mashine ikiwa njiani. Hofu ilikuwa inakuja na kuondoka. Kuna siku nilisahau kabisa. Kuna siku nikisikia lori barabarani moyo unaruka. Nilikuwa ninajiambia, pengine kliniki ina huo umeme. Pengine ni sawa. Ndugu zangu, neno "pengine" liliniweka gerezani miezi minne.

Katika mpango wangu niliandika pia kwamba wiki ile mashine mpya itakapofika, ile ndogo ya zamani wapewe wenzetu wa kituo kimoja cha afya huko milimani, ambao hawakuwa na kitu. Ilionekana jambo zuri. Na mimi mwenyewe ndiye niliyesimamia makabidhiano. Walikuja kuichukua Jumatatu. Mashine mpya ikafika Jumatano.

Ilikuwa kubwa, inang'aa, wauguzi wakaigusagusa kama bibi harusi. Fundi aliyetumwa na muuzaji akafungua vifungo, akatoa waya wake mnene, akaufuata kwa macho hadi ukutani. Akasimama. Akaenda nje kuangalia mita, akarudi.

"Umeme wenu wa *triphasé* uko wapi?"

Watu wote wakanigeukia. Sikumbuki nilivyopata sauti. Nikasema, "Tumeuomba. Wataalamu wa umeme wanakuja." Hapakuwa na maombi yoyote. Fundi akafunga begi lake, akasema tumwite ukishafika. Mkunga mkuu alinitazama juu ya miwani.

Basi, kuanzia siku ile nikawa mtu wa uongo. Wiki ya kwanza nilisema wataalamu wamechelewa. Wiki ya pili nikasema fomu imepotea, naandika nyingine. Nilikwenda kweli kuulizia ofisi ya umeme, wakaniambia kuuvuta umeme wa namna ile hadi pale ni kazi kubwa, na si ya leo wala kesho. Nilirudi nikasema wamekubali. Kwa nini nilisema vile? Mpaka leo najiuliza. Uongo ulikuwa unatoka wenyewe.

Chakula kikakataa kushuka. Mikono ikaanza huu mtetemo mnaouona. Simu ikilia naigeuza kifudifudi, kama vile asiyeona jina la anayepiga hajapigiwa. Darasani wenzangu walikuwa wanaandika memwari zao, kile kitabu cha kumalizia masomo, mimi nafungua ukurasa naufunga. Mama yangu akadhani nimeingiliwa na jini. Akaniletea maji yaliyosomewa Qur'an, nikayanywa. Maji hayakuwa na kosa. Aliyekuwa na kosa ni yule aliyeyanywa akiwa na uongo mdomoni.

Na kule kliniki? Vyombo vilikuwa vinapelekwa kutakaswa kwenye kituo kingine, mara mbili kwa siku, kwa gari la mkurugenzi. Halafu esansi, yaani petroli, ikakosekana mjini. Mnazijua zile siku: magari yamepanga foleni hata hayaendi tena, yamelala tu pembeni, na watu wanatembea.

Asubuhi moja kama saa nne nilikuwa nimesimama kwenye mstari wa kungojea bisi. Nilikuwa nimeshakata shauri kwamba siendi kliniki, nakwenda chuoni kujificha maktabani. Watu wengi, bisi hakuna. Ndipo nikamwona mtu anakuja upande wa pili wa barabara juani, sanduku la bati kichwani, mkono mmoja umelishika. Anatembea, anasimama, anavuta pumzi, anatembea. Nilimjua kwa miwani. Alikuwa mkunga mkuu. Lile sanduku lilikuwa la vyombo vya kuzalishia, ametoka kuvitakasa mwenyewe kwa miguu, kwenda na kurudi, mwanamke wa umri wa bibi yangu.

Miguu yangu ilitaka kurudi nyuma ya watu. Wallahi nawaambia, hatua moja nilikwisha kurudi. Halafu akajikwaa, sanduku likayumba, akalidaka kwa mikono miwili, akasimama akiwa amefumba macho. Hapo nikavuka.

"Mama, nipe mimi."

"Lishike vizuri. Lisifunguke, litachafuka. Kuna mama ana uchungu pale, tumemwacha na muuguzi mmoja."

Nikalitwika. Lilikuwa bado lina joto, nililisikia kwenye utosi. Tukaenda karibu mbio. Sijui tulikuwa tumepita nyumba ngapi nilipoanza kusema. Nilisema bila kumtazama, maana shingo haikuweza kugeuka.

"Mama, umeme hautakuja. Sikuomba. Barua ilikuja kuniuliza, nami nikajibu ndiyo, na sikujua. Sikujua hata hilo neno maana yake nini. Wote nimewadanganya."

Nikasikia viatu vyake tu. Mwisho akasema:

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi kesho komite inakaa. Utawaambia wewe. Mi sitakusemea, na sitakuzuilia."

"Mama, watanifukuza."

"Pengine. Tembea."

Tulipofika yule mama alikuwa ameshajifungua. Muuguzi alikata kitovu kwa mkasi uliochemshwa haraka kwenye jiko la makaa. Mtoto alilia vizuri, na vyombo tulivyoleta vilitumika kumshona mama. Nikamshukuru Mungu. Lakini siku ya tatu yule mama alipandwa na homa, ikabidi apelekwe hospitali kubwa. Alikaa huko siku tano. Siku tano hizo sikulala wala sikula. Alipona, alhamdulillahi. Nilimuuliza mkunga mkuu, "Ni kwa sababu ya ule mkasi?" Akavua miwani, akaifuta. "Homa ya uzazi inatoka mahali pengi. Hatutajua." Ningependa kama angesema ndiyo, au aseme apana. Hilo "hatutajua" ninalo mpaka leo.

Lakini hata kabla ya homa hiyo, kesho yake baada ya siku ya sanduku, kama alivyosema mkunga, nilisimama mbele ya komite. Nilikuwa nimeyaandika maneno kwenye karatasi, lakini karatasi nikaiweka mezani nikasema tu. Mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu, aliniuliza, "Umetudanganya mara ngapi?" Nikahesabu kwa vidole mbele yao. Zikafika tano. Akasema, "Mtoto wangu angenifanyia hivi ningemtoa nyumbani." Hakuna aliyenitetea, na mkunga mkuu alikuwa amekaa palepale. Mkurugenzi akasema atakiandikia chuo, na aliandika. Staji yangu ikafutwa, nikaambiwa nirudie mwaka. Kazi waliyokuwa wameniahidi pale baada ya masomo ikapewa mwingine.

Kabla hatujatoka, mkunga mkuu akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameliuliza tangu mwanzo: "Mashine iko pale. Nani hapa anajua umeme?"

Mi nikasikia sauti yangu mwenyewe: "Baba yangu."

Nilimkuta uani, ameinamia mota ya pampu. Nikakaa chini kwenye kigoda.

"Baba, *triphasé* ni nini?"

Hakuinua hata kichwa. "Nyumba zetu hizi zinaingia waya mbili, mmoja unaleta, mmoja unarudisha. Kiwandani zinaingia zinazoleta tatu. Mota kubwa zinataka hizo tatu." Dakika moja haikuisha. "Kwa nini unauliza?"

Nikamwambia yote. Nilipofika kwenye ile barua ya siku tatu aliacha bisibisi. Nilipofika kwenye chumvi, alinitazama.

"Siku ile ulitaka kuniuliza hii?"

"Ndiyo baba."

"Tulikuwa kwenye sinia moja, mwanangu." Nilingoja anipigie kelele, angenisaidia. Aliinuka akanawa mikono, akainawa tena kwa sabuni ya unga, akaingia ndani, akatoka amevaa shati lake la Idi.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Kuangalia mashine. Nimevaa hivi nisije nikakuaibisha mbele ya wakubwa wako."

Kumbe alijua. Siku ile ya simu, ng'ambo ya barabara, alijua. Nililia pale uani kama mtoto mdogo. Nikamwambia, "Baba, vaa shati la kazi. Wanamngojea fundi." Akalibadilisha.

Pale kliniki aliizunguka ile mashine, akasoma kibandiko cha nyuma akikifuata kwa kidole, akafungua kifuniko cha pembeni, akaangalia bila kugusa. Mkurugenzi akamuuliza kama anaweza kuibadilisha ikubali umeme wetu. Baba akasema:

"Ninaona ndani kuna vyuma vitatu vya joto. Nadhani vinaweza kupangwa namna ingine. Lakini nadhani tu. Ingekuwa mashine ya kusaga mihogo ningeshaifungua. Hii ni ya wazazi na watoto. Aliyeitengeneza aseme kwanza."

Niliyasikia maneno yale. Mtu wa miaka arobaini ya kazi anasema "nadhani tu" mbele ya watu, na hakuna aliyecheka.

Tukakaa kwenye benchi, yeye anasema kwa Kiswahili, mimi naandika kwa Kifaransa: vyuma vya joto ni vya volti ngapi kila kimoja, vinaruhusiwa kupangwa upya, waya unene gani, nani anaruhusiwa kufanya kazi hiyo. Neno nisilolijua nilimuuliza. Neno asilolijua yeye kwa Kifaransa tulimpigia fundi mwenzake. Barua ile ilikuwa na maswali saba, na chini yake niliandika kwamba jibu letu la kwanza lilikuwa na makosa, na aliyeliandika ni mimi.

Muuzaji alijibu baada ya wiki mbili. Inawezekana, lakini fundi wao lazima awepo, na uvutwe waya mnene wa peke yake kutoka kwenye mita. Na mashine itachelewa kupata joto kuliko ilivyokusudiwa. Wakati tunangoja, mkunga mkuu aliazima sufuria dogo la mvuke kwa masista wa kanisa, vyombo vikaacha kutembea barabarani. Baba alifanya kazi pamoja na yule fundi siku mbili. Mashine ikawaka. Ilichukua muda mrefu kupata joto, tukaikodolea macho sote, na mvuke ulipotoka hakuna aliyepiga makofi. Mkunga mkuu alisema tu, "Haya, leteni vyombo." Inafanya kazi mpaka leo, polepole.

Mwaka nikaurudia. Nilikaa benchi moja na watu waliokuwa nyuma yangu, na habari yangu wanaijua. Nilikwenda kwa yule mwalimu mkavu nikamwambia nataka kuandika memwari juu ya kosa langu mwenyewe, jinsi mpango wa manunuzi unavyoweza kuwa na tarehe zote sahihi na kitu kisifae. Akasema, "Utateseka kuiandika." Kweli niliteseka. Siku ya kuitetea, mmoja wa waliokaa mezani aliniuliza jambo juu ya sheria ya zabuni. Nikasema, "Sijui, mheshimiwa." Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Mpaka leo sijajua aliandika nini. Lakini walinipitisha.

Kuna jambo moja zaidi, halafu nimalize. Yule mama aliyepata homa, nilimngoja siku aliyoleta mtoto kuchanjwa. Hakuna aliyenituma. Nikamwambia mimi ni nani, na kwa nini siku ile hapakuwa na mashine. Alimhamisha mtoto bega hili hadi lile. Akaniuliza, "Mbona unaniambia? Nilikuwa nimeshasahau, sasa umenitia hofu upya." Nikasema nisamehe. Wakamwita jina. Akasimama, akasema, "Mi sijui kama nimekusamehe. Lakini umekuja mwenyewe." Akaingia ndani na mtoto wake.

Leo nina kazi, kwenye shirika dogo, na kazi yenyewe ni hiyo hiyo ya mipango ya manunuzi. Msidhani hofu imekwisha. Wiki hii tu imeingia barua yenye neno nisilolijua, na mikono ikaanza. Nikachukua simu nikapiga. Kule upande wa pili mtu alicheka kidogo, akanieleza, nikamshukuru. Hakuna aliyekufa kwa kicheko.

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyeniachia wakati wa kusema. Namshukuru yule mkunga, ambaye hakunisemea wala hakunizuilia. Nashukuru komite ile, hata mwalimu mstaafu, maana alitaka nihesabu. Namshukuru mama yangu na maji yake. Na baba yangu, aliyekaa pale nyuma anaangalia viatu vyake: baba, ahsante.

Nyinyi wanafunzi, tunaimba tangu utotoni kwamba kuuliza si ujinga, na mimi niliimba kuliko wote. Siku swali likija kwenu na jibu hamna, msithibitishe. Semeni hamjui siku hiyo hiyo, likiwa bado neno tu, kabla halijawa sanduku la bati kwenye kichwa cha mtu mwingine. Nanyi wazazi, mtoto akisema "Baba" halafu akageuza maneno, msimwache aende. Mwambieni, hapana, si chumvi, sema.

Nimemaliza. Mwenye swali aniulize, na nisipojua nitasema sijui.